Godoro la Mgonjwa Halipimwi kwa Ngumi

Mnunuzi wa godoro hulipima kwa ngumi. Pale Kariakoo, Dar es Salaam, ambako magodoro husimamishwa nje ya maduka kama watu waliopanga foleni, mteja hukita ngumi katikati, husubiri sponji irudi, kisha huuliza inchi. Nne? Sita? Nane? Bei inatajwa, inapunguzwa, godoro linafungwa kamba juu ya guta na safari ya nyumbani inaanza. Litalaliwa na nani, hakuna aliyeuliza.

Kwa mtu mwenye afya si kosa kubwa. Mwili wake una mlinzi wa usiku: sehemu ikibanwa mno, mishipa ya fahamu hulalamika na mlalaji hujigeuza bila hata kuamka, mara nyingi kabla ya alfajiri. Mlinzi huyo ndiye anayetoweka kwa bibi aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, kwa kijana aliyeanguka kutoka mwembeni au kwenye bodaboda akavunjika uti wa mgongo, kwa mgonjwa aliyelazwa kwa dawa nzito baada ya upasuaji. Hawa hulala vile walivyolazwa. Kwao godoro ni sehemu ya matibabu, sawa na dawa ya presha iliyo mezani.

Watu wengi huviita vidonda vya kulalia. Hospitali zinaviita vidonda vya mgandamizo, na jina hilo linaeleza kisa vizuri zaidi, maana hata anayeshinda kwenye kiti cha magurudumu huvipata. Hutokea pale mfupa unapokaribiana na ngozi bila nyama ya kutosha katikati: kwenye kifandugu na mfupa mpana ulio juu yake, kwenye nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, na hata kisogoni. Uzito wa mwili unabana nyama kati ya mfupa na kitanda. Mishipa midogo ya damu inafungwa, hewa ya oksijeni haifiki, na nyama inaanza kufa.

Ubaya wake ni kwamba mara nyingi uharibifu huanzia ndani. Misuli iliyo karibu na mfupa huvumilia kukosa damu kwa muda mfupi kuliko ngozi. Ni kama embe lililoangukia jiwe: ganda linang'aa, lakini ukilikata unakuta limeoza kuanzia kwenye kokwa. Ndiyo maana jamaa huapa kwamba jana hapakuwa na kitu na leo pana shimo. Hawasemi uongo. Shimo lilikuwapo, halikuwa na mlango tu.

Vitabu vya uuguzi vilipenda sana namba 32. Ilitoka kwa mtafiti Eugene Landis, aliyechapisha mwaka 1930 vipimo vya shinikizo la damu ndani ya mishipa midogo kabisa, akitumia kijibomba cha kioo chembamba kwenye ngozi ya mzizi wa kucha. Upande damu inapoingilia alipata wastani wa milimita 32 za zebaki. Watengeneza magodoro waliipokea namba hiyo kama zawadi: bidhaa ikishuka chini ya 32, ilitangazwa kuwa salama. Wakasahau kwamba vidole alivyopima Landis vilikuwa vya watu wazima wenye afya. Mzee mwenye kisukari, aliyekonda, ambaye presha yake imeshuka, anaweza kuumizwa na mgandamizo mdogo zaidi. Mwaka 1959 mtafiti Michael Kosiak, aliyefanya majaribio kwa mbwa, alionyesha jambo linalosaidia zaidi: mgandamizo mdogo wa saa nyingi unaua nyama kama mkubwa wa muda mfupi. Saa, kwa hiyo, ina uzito sawa na kilo.

Na kuna uharibifu ambao hautokani na uzito unaoshuka moja kwa moja. Mgonjwa anapoegemezwa kwa mito mingi ili ale uji au atazame televisheni, mwili wake huteleza polepole kuelekea miguuni. Ngozi imeshikwa na shuka, mfupa unateremka, na mishipa iliyo katikati inavutwa mpaka inajikunja kama mrija uliokanyagwa. Ndiyo sababu wauguzi husisitiza kichwa cha kitanda kisizidi nyuzi 30 isipokuwa wakati wa kula au pale daktari alipoagiza vinginevyo. Ongeza jasho na mkojo, ngozi ikalainika kama ya mfua nguo, na kila kitu kinaenda kwa kasi.

Watu wamehangaika na kitanda cha mgonjwa kwa muda mrefu. Miaka ya 1830 daktari Mskoti, Neil Arnott, alitengeneza beseni refu la maji lililofunikwa kwa kitambaa cha mpira, mgonjwa akalala juu yake akielea bila kulowa. Wazo lake lilikuwa sahihi kabisa: mwili ukizama kidogo, uzito unagawanyika juu ya eneo kubwa, na hakuna mfupa mmoja unaobeba mzigo peke yake. Muuguzi Florence Nightingale, aliyeandika mwaka 1859, hakuvutwa sana na mitambo. Alipendelea kitanda cha chuma kinachopitisha hewa na godoro jembamba la manyoya ya farasi, na kidonda cha kulalia alikilaumu kwa uuguzi kuliko ugonjwa. Lawama hiyo bado inawachoma wauguzi wa wodi zenye wagonjwa arobaini na nesi mmoja wa zamu ya usiku. Si haki kuwabebesha peke yao.

Aliyebadilisha mambo zaidi hakuuza godoro lolote. Ludwig Guttmann, daktari wa mishipa ya fahamu, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi, alipewa mwaka 1944 wodi ya askari waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Hadi wakati huo wengi wa namna hiyo walikufa mapema, vidonda na maambukizi ya njia ya mkojo vikiwamaliza. Guttmann aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, akiegemezwa kwa mito, na alikuwa akizunguka wodini usiku kuhakikisha amri inafuatwa. Wagonjwa walianza kuishi. Walioishi walihitaji kitu cha kufanya, na mwaka 1948 alianzisha mashindano madogo ya kulenga shabaha kwa upinde, ambayo yalikua yakawa Michezo ya Paralimpiki. Ni nadra mashindano ya dunia kuzaliwa kutokana na ratiba ya kugeuza watu kitandani.

Swali la familia ya leo, basi, linakuja hivi: tununue lipi?

Jibu la kwanza linaanzia chini ya godoro. Chaga za kitanda zikiachana mno, sponji inadumbukia kwenye nafasi na mgonjwa analala kwenye matuta. Kitanda cha waya kilichobonyea katikati humfanya ateleze kuelekea shimoni. Kabla ya kuingia dukani, ni afadhali kuongeza chaga tatu nne au kuweka ubao wenye matundu ya hewa, kwani godoro la bei yoyote litachukua umbo la kilicho chini yake.

Jibu la pili ni sponji yenyewe, na hapa ndipo inchi zinapodanganya. Muuzaji hutaja unene, lakini kinachomlinda mgonjwa ni unene pamoja na wingi wa malighafi iliyomo. Miongozo ya kimataifa ya kuzuia vidonda hivi inataja godoro la sponji bora lenye unene usiopungua sentimita 15, yaani kama inchi 6, na uzito wa takribani kilo 35 kwa kila mita ya ujazo. Mnunuzi hahitaji maabara ili kukagua. Godoro la futi 3 kwa 6 lenye inchi 6, likiwa na sponji ya kiwango hicho, lina uzito wa karibu kilo 9 bila gamba lake. La futi 4 kwa 6 hukaribia kilo 12. Likiwekwa juu ya mizani ya gunia na kusoma kilo 5, muuzaji aseme atakavyo. Sponji nyepesi hupendeza siku ya kwanza, kisha hutengeneza bonde pale makalio yanapokaa, na baada ya miezi michache mgonjwa anakuwa analalia chaga kupitia kitambaa.

Kuna imani iliyoenea kwamba godoro gumu ndilo zuri kwa mgongo. Linaweza kumfaa fundi wa miaka 30 anayerudi kazini amechoka. Kwa mgonjwa asiyejigeuza ni hatari. Anahitaji sponji itakayomruhusu azame kiasi na kumkumbatia, huku ikibaki na nguvu ya kumbeba asifike chini. Ugumu na uzito ni vitu viwili tofauti: viwanda vinaweza kutengeneza sponji nyepesi ngumu na sponji nzito laini, ndiyo maana ngumi haitambui kitu.

Ile sponji inayochukua umbo la mwili na kurudi polepole ina historia yake: Charles Yost aliibuni mwaka 1966 kwa kazi ya shirika la anga la Marekani, NASA, iliyohusu viti vya ndege, kabla haijaingia hospitalini na kisha vyumbani. Inakumbatia mwili vizuri sana. Lakini inatunza joto, na anayelala Tanga au Mombasa mwezi wa Februari bila feni atalowa jasho. Pwani, tabaka lake jembamba juu ya sponji ya kawaida nzito linatosha.

Baada ya kununua vizuri, watu wengi huharibu nyumbani. Godoro hubaki ndani ya nailoni lililotoka nayo dukani, ati lisilowe. Nailoni haipitishi hewa, haivutiki, na hunata mgongoni. Gamba linalofaa huzuia mkojo lakini hunyumbulika pamoja na sponji. Likikosekana, mpira uwekwe eneo la kiunoni tu, juu yake shuka laini ya pamba. Shuka nazo hutandikwa kwa ufundi wa hoteli, zikavutwa na kuchomekwa hadi zikawa kama ngozi ya ngoma. Mgonjwa sasa analalia ngoma. Sponji aliyonunuliwa haimfikii. Shuka zilegezwe. Na zile kanga nne, blanketi lililokunjwa na taulo alizowekewa kwa huruma zipunguzwe, kwa kuwa kila tabaka linaongeza mikunjo na joto.

Sasa godoro la upepo. Kwa mwonekano linashawishi: mirija ya plastiki au mapovu yanayojaa na kupungua kwa zamu, pampu ndogo ikining'inia miguuni pa kitanda, taa ya kijani ikiwaka. Kwa dakika kadhaa mirija fulani inabeba mwili, kisha inapumzika na mingine inachukua zamu. Jamaa walio Muscat, London au Minneapolis hupenda kutuma fedha za kulinunua, kwa sababu linaonekana ni kitu cha hospitali.

Uingereza ililipima kwa uzito unaostahili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, wagonjwa 2029 waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya godoro la upepo na godoro la sponji bora. Waliopata kidonda kipya kilichochubua ngozi walikuwa takribani 7 kwa kila 100 upande wa upepo, na 9 kwa kila 100 upande wa sponji. Upo unafuu, ila ni mwembamba, katika hospitali zenye umeme usiokatika na wauguzi wanaogeuza wagonjwa wa pande zote mbili. Kwa nyumba ya Temeke au Kisumu, hesabu inabadilika. Umeme ukikatika, godoro jembamba la upepo hunywea, na kama chini yake hapana sponji ya maana, mgonjwa anaangukia ubaoni. Pampu ina kitufe cha kurekebishwa kulingana na uzito wa mgonjwa. Wengi hukipeleka mwisho wakidhani hewa nyingi ndiyo nafuu, na godoro linakuwa gumu kama meza. Mrija ukibanwa na mguu wa kitanda, zamu inakufa kimya kimya huku taa ya kijani ikiendelea kuwaka. Na mgonjwa mwenye nguvu kidogo za kujisogeza huona shida kujisukuma juu ya kitu kinachotikisika.

Hii haina maana lisinunuliwe. Mgonjwa ambaye tayari ana kidonda kirefu, au asiyeweza kugeuzwa vya kutosha kwa sababu ya mivunjiko au maumivu, anaweza kuwa ndiye hasa anayelihitaji, na daktari au muuguzi akilishauri lipatikane. Ila familia inayouza mbuzi ili kununua pampu huku godoro la chini ni sponji iliyokwisha imeanzia juu. Vitanda vya mchanga wa shanga za kioo vinavyopulizwa hewa, vya mamia ya kilo, viachwe kwa hospitali zenye sakafu na bajeti ya kuvibeba.

Mtaani kuna dawa nyingine mbili zinazopaswa kustaafishwa. Ya kwanza ni pete: tyubu ya tairi iliyojazwa upepo, au kitambaa kilichosokotwa kama kata ya kubebea ndoo, mgonjwa akakalishwa juu yake ili kidonda kikae kwenye tundu. Ukingo wa pete hubana mishipa pande zote na kulinyima damu eneo lile lile lililokusudiwa kuokolewa. Ya pili ni glovu za hospitali zilizojazwa maji, zikawekwa chini ya visigino. Zinapendeza kwa ubunifu, lakini eneo lake ni dogo mno kubeba uzito wa mguu. Kisigino kinahitaji kitu rahisi zaidi: mto wa urefu wa kigimbi, kuanzia chini ya goti hadi juu kidogo ya kifundo, goti likiwa limekunjika kidogo, kisigino kikaelea hewani kabisa. Karatasi ikipita chini yake bila kugusa, kazi imefanyika. Bei ya mto huo haizidi ya kilo chache za sukari, na unaokoa miguu ya watu wenye kisukari.

Ngozi nayo inataka macho ya hapa. Vitabu vingi vimeandikwa kwa ngozi nyeupe, vikifundisha kutafuta wekundu usiopotea ukibonyezwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane hata kwa taa kali. Anayeuguza alinganishe sehemu hiyo na jirani yake kwa mgongo wa kiganja: ina joto zaidi, au ubaridi? Imekuwa ngumu, au imebonyea kama nyanya iliyoiva? Imekuwa nyeusi ya zambarau? Mgonjwa anasema inauma au inawasha? Lolote kati ya hayo linatosha kuacha kulalia upande huo na kumwita muuguzi. Kusugua eneo hilo kwa mafuta, jambo ambalo mikono yenye upendo hulikimbilia, humalizia nyama iliyokwisha kujeruhiwa.

Turudi kwenye saa. Amri ya Guttmann ya saa mbili imesimama kwa miongo mingi, na imewachosha mabinti, wake na wakwe wasiohesabika, maana kazi hii nyumbani huangukia wanawake. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wazee 942 katika nyumba 27 za kulelea wazee za Marekani na Kanada, wote wakiwa wamelala kwenye magodoro ya sponji nzito. Wengine waligeuzwa kila saa 2, wengine 3, wengine 4. Baada ya wiki tatu idadi ya vidonda haikutofautiana kwa maana yoyote. Kwa jumla ilikuwa takribani watu 2 kwa kila 100. Wazee hao hawakuwa na vidonda walipoanza na ngozi zao zilikaguliwa kwa bidii, kwa hiyo matokeo hayawahusu moja kwa moja waliovunjika uti wa mgongo. Hata hivyo yanaonyesha faida ya godoro zuri isiyotajwa dukani: linampa anayeuguza usingizi. Pale muuguzi anapokubali baada ya kuikagua ngozi, tofauti ya saa 2 na saa 4 usiku ni tofauti kati ya binti anayeweza kwenda kazini asubuhi na binti anayeanguka naye akalazwa.

Kugeuza kwenyewe kuna namna. Mgonjwa asilazwe ubavu kamili, kwa kuwa mfupa wa nyonga utabeba kila kitu. Aelekezwe nusu, mto mgongoni, mwingine kati ya magoti. Asiburutwe. Watu wawili hushika shuka iliyokunjwa chini yake, wakahesabu pamoja na kumnyanyua.

Fedha peke yake haikingi. Christopher Reeve, mwigizaji wa Marekani aliyejulikana kwa filamu za Superman, alipooza baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi mwaka 1995. Hakukosa madaktari wala wauguzi. Alifariki Oktoba 2004, akiwa na miaka 52, moyo ukisimama wakati akitibiwa kidonda cha mgandamizo kilichopata maambukizi.

Kwa msomaji ambaye nyumbani mwake kuna mtu asiyeweza kujigeuza, kuna kipimo kimoja cha kufanya leo jioni kabla ya taa kuzimwa. Mgonjwa akiwa amelala, ingiza mkono chini ya godoro, kiganja kikiangalia juu, hadi chini ya makalio yake. Ukihisi sponji nene inakujibu, godoro bado linafanya kazi. Ukihisi mfupa, au unene uliobaki haufiki inchi moja, godoro hilo limekwisha, hata kama ulilinunua Pasaka iliyopita.